Injini ya Lita Moja Haina Hatia

Aibu ya gari dogo haina faragha. Gari kubwa likikwama, wapita njia huuliza limepatwa na nini. Vitz ikichemsha katikati ya mlima Kitonga, boneti likiwa juu na mvuke ukifuka, hakuna anayeuliza kitu, maana jibu wanalo tayari: ndivyo vilivyo hivyo vigari. Abiria wa basi wanachungulia dirishani kwa huruma. Lori la mbao, ambalo mwenye Vitz alilipita kwa mbwembwe nusu saa iliyopita, linapanda taratibu na kupiga honi moja, fupi, ya salamu. Kisha anatokea mtu na dumu la maji, ushauri mwingi na uhakika usiotikisika kwamba injini ya lita moja ni ya kupeleka watoto shule, si ya safari. Hukumu hiyo ndiyo ninayoikatia rufaa. Injini ile haifi kwa udogo. Inauawa, na kati ya wauaji wake yumo hata aliyeiunda.

Kwanza tumjue mshitakiwa. Ninayoizungumzia ni 1KR-FE, iliyomo ndani ya Passo tangu 2004 na ndani ya Vitz tangu 2005, na kule Ulaya ndani ya Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107, magari matatu yaliyotoka kiwanda kimoja mjini Kolín, Jamhuri ya Cheki. Walioiunda ni Daihatsu. Ina sentimita za ujazo 996, silinda tatu, valvu 12, kamshafti mbili zinazozungushwa na cheni badala ya mkanda, na uzito wa takriban kilo 70. Kati ya 2007 na 2010 ilitwaa mara nne mfululizo tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka katika kundi la zisizofika lita moja. Mtu anaweza kusema waamuzi wale hawakuwahi kupanda Kitonga, na huenda ni kweli, lakini hata wapandaji wengi wa Kitonga hawajawahi kuitumia hiyo injini yote. Farasi wake 70 hivi wanapatikana kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Dereva wetu akiisikia inavuma kwenye 3000 huingiwa na huruma, huinua mguu, na hapo mkononi mwake wanabaki farasi wasiozidi 40 wa kuvuta watu watano, gunia la mchele na kompresa ya AC. Anazima AC, anateremsha vioo, abiria wanakula vumbi, na wote kwa pamoja wanakubaliana kwamba injini haina nguvu. Nguvu ipo. Haijaombwa.

Lakini kukosa nguvu mlimani hakuui injini. Kinachoua ni joto, na habari ya joto huanzia kwenye kidude kinachoenea kiganjani kiitwacho themostati, ambacho ningependa kila mwenye gari akishike mara moja maishani kabla fundi hajakitupa. Ndani yake mna kapsuli ndogo ya chuma iliyojazwa nta. Asubuhi nta ni ngumu, mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, ikiyeyuka inatanuka, ikitanuka inasukuma kipini, kipini kinafungua mlango, na maji yanaanza kupita kwenye rejeta. Yakipoa mno, nta inaganda na springi inaurudisha mlango. Hakuna waya, hakuna kompyuta, hakuna anayekitumia ujumbe. Ni bawabu asiyelala wala kuchukua rushwa, na huenda akakaa kazini miaka kumi bila mtu kumjulia hali. Kwenye injini nyingi za Toyota ana pia mlango wa pili chini yake: anapoyafungulia maji kwenda kwenye rejeta, papo hapo anaiziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupozwa. Aliyebuni kitu hiki alistahili mtaa uitwe kwa jina lake.

Sasa sikiliza hoja ya gereji: hii ni nchi ya joto, kifaa hiki ni cha watu wa theluji, king'olewe. Hoja inasikika vizuri mpaka uipime. Tokyo mwezi wa Agosti hufika nyuzi 35, na Wajapani hawatoki barabarani kung'oa themostati. Isitoshe, injini inafanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 33 bado ni baridi sana kwake. Ukiking'oa, maji yanapita kwenye rejeta tangu ufunguo unapozungushwa. Injini inachelewa kupata moto, sensa inaiambia kompyuta kwamba bado ni baridi, na kompyuta inazidisha petroli. Petroli isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili, na mwenye gari anaanza kulalamika kwamba Vitz yake inakunywa mafuta kama Land Cruiser. La kuchekesha zaidi ni kwamba ile njia ya mkato sasa haina wa kuiziba. Mlimani, pale ambapo kila tone linapaswa kupitia kwenye rejeta, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini kama ilivyotoka. Themostati iliyong'olewa ili gari lisichemshe inasaidia gari kuchemsha.

Atasema fundi, na ana haki ya kusikilizwa, kwamba yeye hakuota. Alilikuta gari limechemsha, akaing'oa, gari likafika nyumbani. Ni kweli. Themostati hukwama, na ikikwama imefungwa, kuing'oa njiani ni uamuzi wa busara. Ninachobishania ni kuiacha nje daima, wakati mpya haifikii hata bei ya kujaza tangi, na kutouliza kwa nini ile ya zamani ilikwama. Mara nyingi ilikwama kwa sababu ya lile dumu. Bloku na silinda hedi ya 1KR ni aluminiamu. Kuleni siyo maji yaliyotiwa rangi ili yauzwe ghali, kama inavyodaiwa; ina dawa zinazozuia kutu na kulinda sili ya wota pampu. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi haina haraka. Halafu kuna kofia ya rejeta, ambayo watu huiona kifuniko tu. Kofia nzima inashikilia presha inayopandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukichakaa, presha haipo, na maji yanarudi kuchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa pwani. Ukiwa Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1700 hivi, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Injini inataka 90. Kwa mpira wa bei ndogo, mtu anabakiwa na nyuzi nne au tano kati ya safari na aibu.

Na hapa ucheshi unaniishia kidogo, kwa sababu mtu hawezi kulinda asichokiona. Tazama dashibodi ya Vitz hizi au ya Passo utafute geji ya temperecha. Haipo. Kuna taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka ikiwa imeshaungua. Katikati, kwenye masafa yote ambayo onyo lingekuwa na faida, kimya. Geji ingegharimu shilingi ngapi kwenye gari zima? Mtengenezaji aliamua kwamba mnunuzi wa gari la bei nafuu hana haja ya kujua, na pengine mjini Nagoya, penye kuleni halisi na ukaguzi wa lazima kila miaka miwili, hana haja kweli. Lakini gari hilohilo huuzwa mtumba likavuka bahari, na mnunuzi wa pili anarithi upofu ule bila kuelezwa. Baya zaidi: sensa inapima joto la maji yanayoigusa. Wota pampu ikivuja mpaka maji yakaisha, sensa inabaki hewani na taa nyekundu inaweza kuchelewa, au isiwake kabisa, huku silinda hedi inapinda. Wamiliki maskini wameibiwa mshale wa senti chache, kisha wanaambiwa injini zao ni dhaifu. Kisomeo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, kile kinachotuma namba kwenye simu, kinaurudisha mshale huo, na kwa gari la namna hii ningekitaka kabla ya redio.

Pingamizi lililobaki ni la wazee wa Peugeot 504: bloku za zamani zilichemshwa, zikamwagiwa maji, zikaondoka. Sikatai. Chuma cha kusubu cha aina ile kilikuwa kinene na kizito, na aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma ikipata joto. Ndiyo maana ikichemshwa mara moja tu inaweza kupinda na kupasua gasketi. Injini ndogo nyepesi imenunua wepesi wake na matumizi madogo ya petroli kwa kuuza uvumilivu. Oili yake ni karibu lita tatu tu, kwa hiyo anayeacha ipungue lita moja amepoteza theluthi, siyo kidogo kama ilivyokuwa kwenye lori la baba. Na kuimiminia oili namba 40 kwa kuwa imeanza kutoa moshi ni kuvinyima vijitundu vya VVT-i, mfumo unaopanga muda wa valvu, na kikaza-cheni oili nyepesi ambayo vilitengenezewa.

Makosa yake halisi ni machache. Wota pampu huvuja mapema kuliko inavyofaa. Ringi zikishika masizi, inakula oili. Inatetemeka kwenye taa nyekundu za barabarani kwa sababu silinda tatu huyumbisha injini mwisho hadi mwisho na hawakuiwekea shafti ya kusawazisha, na kwa mtetemeko huo wa kuzaliwa watu wameuziwa plagi, koili na maunti zisizohesabika. Saileni ikipanda na kushuka, safisha throtoli. Cheni ikilia asubuhi, chomoa kijiti cha oili kabla hujamwita mtu.