Ngiri Huyu na Ngiri Hii

Aliyegawa maneno ya lugha yetu alikuwa bahili. Alipofika kwa yule mnyama wa porini mwenye meno ya kupinda na nywele za shingo kama mlevi aliyeamshwa ghafla, akamwita ngiri. Jioni, hoi kwa uchovu, akafika kwenye ule uvimbe wa kinena, utumbo unapochungulia mahali usipoalikwa. Akatazama kapuni: maneno yamekwisha. Akasema nao uitwe ngiri, akaenda kulala. Mimi ndimi ninayelipa deni la usingizi wake.

Kwa miaka ishirini nimewinda ngiri. Mwaka huu, mwezi wa Mei, ngiri imeniwinda mimi. Wenye sikio la sarufi wamenielewa: wa kwanza ni huyu, anatoka shimoni; ya pili ni hii, inatoka kinenani. Lakini mtaani kwetu hapa Tabora nani ana muda wa sarufi? Habari ilipopita sokoni kwamba mzee katolewa ngiri, nusu ya soko walikuja nyumbani na bakuli. Nusu nyingine walikuja mikono mitupu, wakaketi kimya wakiitazama suruali yangu, maana wao walikuwa wameambiwa ni busha.

Nani alaumiwe? Nawalaumu mababu. Miaka mitatu iliyopita tuliangusha dume. Dume la ngiri likinenepa hupita kilo 100, na hili lilikuwa limenenepa. Vijana wakasema tumkate vipande, kila mtu abebe chake. Nikawaambia sisi ni Wanyamwezi. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, majuma kwa majuma, huku wanaimba. Leo nishindwe na nusu ya ngiri hadi barabarani? Nikainama, nikainua. Hatua saba nilikwenda vizuri. Ya nane nikasikia kitu kimefunguka huku chini, kama kifungo cha shati kilichoponyoka.

Sikusema. Mwanamume wa kwetu akisikia kitu kimetoka, hukirudisha kwa kidole akaendelea na safari. Nilikirudisha kwa kidole miaka mitatu.

Mei kikakataa kurudi. Tumbo likawa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani, na kila nilichokunywa kilirudi kwa njia kiliyoingilia. Daktari wa zamu alibonyeza mara moja tu, akasema utumbo umebanwa, tunakwenda kupasua sasa hivi, kesho tutakuta umeoza. Nilipozinduka alikuwa ananieleza kwa upole: "Mzee, tumewahi. Utumbo ulikuwa bado mzima, tumeurudisha, tumetandika na wavu usitoke tena." Kichwani nilikuwa sijafika vizuri. Nilisikia ngiri, nikasikia wavu. Nikamuuliza, "Dume au jike?" Nesi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa bado ana dawa ya usingizi.

Kisha yakaja masharti. Wiki sita usinyanyue kitu kizito. Kizito ni kipi? "Birika likijaa, mwachie mwingine." Usijikamue chooni. Na ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kandamiza mshono kwa mto. Mama watoto aliyapokea masharti haya kama mtu aliyeyasubiri tangu siku ya harusi. Nikigusa ndoo, anakohoa. Nikigusa mtungi wa gesi, anaita watoto. Mjukuu wa miaka minne aliniona nimeshika kuku, akapiga kelele: "Bibi! Babu anabeba!"

Jirani yangu fundi cherehani ni Mzaramo, mtani wangu wa asili, na mtani hana huruma kwa mgonjwa. Alikuja siku ya kwanza, akavuta kigoda. "Mtani, umewala hawa watu miaka ishirini. Mmoja kachoka, kaamua kulipiza, kahamia ndani. Sisi tusiogusa nguruwe wa mjini wala wa porini, lini ulisikia tumeota mmoja tumboni?" Nikacheka. Kucheka, kwa asiyejua, kunauma kuliko kukohoa. Akaiona sura yangu, akajua dawa yake inafanya kazi, akawa anakuja kila asubuhi, kutwa mara moja.

Shemeji wa Nairobi naye akapiga simu kunipa pole. Akanikumbusha kwamba kwao uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo ningeoa na kuhamia ukweni, kinena changu kingekuwa salama. Nikamshukuru, nikakata simu.

Tarehe 1 Julai msimu ukafunguliwa bila mimi. Nilikaa barazani nikinusa moshi wa nyasi zinazoungua miomboni, nikihesabu wiki. Mama watoto akaniambia kama hamu ni ya nyama, serikali imeruhusu bucha za nyamapori, atume mtoto. Jamani! Nyama ya bucha ni nyama, sikatai, lakini haina hadithi. Utakaa na wazee jioni usimulie nini, ulivyonyatia foleni?

Agosti nikarudi kliniki. Nikamwambia daktari, "Naomba ruhusa nirudi kwenye ngiri." Akaweka kalamu mezani. Nikafafanua: yule, siyo ile. Akafikiri, akasema kutembea ruksa, tena kutembea ni dawa, ukisikia maumivu, simama, kubeba, bado. Ofisi ya wanyamapori nako kukawa na kesi. Afisa akauliza mbona mwaka huu nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa na ngiri. Akauliza naomba leseni ya mnyama gani. Akaisoma fomu mara mbili, akanitazama kama anayempa mtu kibali cha kulipiza kisasi.

Sasa tazama nilivyobanwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hainiruhusu kumpiga mnyama nikiwa ndani ya gari. Daktari haniruhusu kwenda kwa mguu hadi nichoke. Katikati ya sheria na daktari akapita mama watoto, na suluhisho lake lilikuwa kiti. Kiti cha plastiki, chekundu, kile cha misibani.

Bunduki aliipeleka dukani ikapimwa kwenye mizani. Kilo tatu na nusu. Birika letu likijaa lina nne. Nikapita kwa nusu kilo, na hicho ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kushika. Msafara ukawa hivi: mbele mimi na bunduki, natembea kama bibi harusi. Nyuma yangu mpwa wangu na panga, maji, chupa ya chai, mfuko wa matobolwa, na kiti kichwani. Nyuma kabisa askari wanyamapori, kijana mwenye adabu zake, bunduki bega la kulia na kwapani mto wangu wa kukoholea. Mto wenyewe una foronya ya harusini, imedariziwa kwa uzi mwekundu: LALA SALAMA. Mbung'o walitushambulia wote sawasawa. Wao hawaulizi nani kapasuliwa.

Shimo nililijua. Ngiri hajisumbui kuchimba. Anangoja muhanga achimbe, kisha anahamia kama mpangaji asiyelipa kodi. Jioni huingia kinyumenyume, makalio kwanza, ili akija mgeni akutane na meno mlangoni. Asubuhi jua likishika joto, anatoka. Kwa hiyo kazi yako ni kuwahi, kukaa upande ambao upepo hautampelekea habari zako, na kunyamaza. Kiti kikatandikwa nyuma ya kichaka, nikaketi. Askari akanong'ona, "Mzee, mto niuweke mgongoni?" Nikamwambia uweke chini, mimi si mgeni rasmi.

Marehemu baba alinifundisha kupima upepo kwa majivu. Unachukua kidogo kwenye kimfuko, unayaachia mbele ya uso, unatazama yanakokwenda. Hata kwa wavu tumboni, mtu hatupi mafunzo ya baba yake. Nikafungua kimfuko. Wakati huohuo pua ikatokeza shimoni, kisha meno, kisha uso mzima, dume, miezi mitatu ya barazani inanitazama kwa macho mawili. Nikaachia majivu. Upepo ulikuwa unakuja kwangu. Ninajua kwa sababu majivu yote yaliingia puani.

Wasomaji, chafya haina mjadala. Mikono yangu ni miwili na ilikuwa na bunduki. Nilikuwa na muda wa pumzi moja kuchagua: mnyama au mshono. Nikasikia hatua ya nane ya miaka mitatu iliyopita. Nikasikia kile kifungo. Nikailaza bunduki mapajani, nikainama, nikaunyakua mto, nikaukumbatia kinenani kwa mikono yote, nikapiga chafya ambayo nadhani waliisikia Sikonge. Nilipofumbua macho, vumbi tu, na juu ya vumbi mkia umesimama wima kama antena ya redio, unakwenda zake. Alizunguka kichuguu, akarudi kwa nyuma, akaingia shimoni makalio kwanza, na meno yake yakabaki mlangoni.

Kimya. Mpwa wangu aliuma shati. Askari, Mungu ambariki, alitazama juu kama anayehesabu ndege. Mwishowe akasema, "Mzee, mshono vipi?" Nikapapasa. Mshono mzima. Tukanywa chai, tukatafuna matobolwa, kisha nikatembezwa nyumbani polepole.

Walinisubiri na bakuli, bila shaka, na mtani mbele yao, yeye asiyekula. Mama watoto alisimama mlangoni. Hakutazama mikono ya mpwa kama ina nyama. Alinitazama kiunoni.

"Imerudi?"

"Haijarudi," nikasema.

"Na yeye?"

"Yeye karudi. Shimoni."

Akaupokea mto, akaukung'uta majivu.

"Basi vizuri," akasema. "Wote wako ndani."