Sifa za Subaru Mtumba

Toyota Probox haina haja ya kusifiwa. Inabeba miraa, mikate, mbuzi na wakwe, inaonja mafuta badala ya kuyanywa, na spea zake hupatikana hata kwenye mji usio na benki. Chombo kinachofanya kazi yake kila siku kinajisifu chenyewe. Anayehitaji wakili ni Subaru ya turbo: Impreza WRX, kaka yake STI, na binamu yao Legacy B4. Ni magari ya milango minne, yenye buti la kubebea mboga na viti vya nyuma vya kumkalisha bibi, ila chini ya boneti mna kitu kilichokusudiwa mashindano. Huzaliwa Japani, huteswa huko na vijana wa watu, kisha hushushwa Kilindini yakiwa bado yananuka sigara ya mwenyewe wa kwanza. Hapa kwetu yametukanwa sana. Yameitwa walevi wa petroli, wavunja ndoa, vipenzi vya wezi na vya polisi kwa wakati mmoja. Mimi nasimama upande wao, na sifa ninayoyaletea hata mashabiki wao huisahau: hakuna kitu barabarani kinachomfundisha mtu kwenda polepole kama gari la kasi lililokwisha kutumika.

Masomo huanza kabla ya kununua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Anayelitaka moja kwa moja kutoka Japani atatoa pesa za maana; anayezitaka zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye sura aliyoipenda alipokuwa shuleni, atazitafuta kwa Mkenya mwenzake. Huko Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, wauitao shaken, una gharama, na wengi huona heri waliuze kuliko kulikagua tena. Basi linakwenda mnadani na karatasi yake, na juu ya karatasi hiyo pamechorwa gari lililojaa herufi. A ni mkwaruzo. U ni kubonyea. W ni mahali palipokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi. XX ni kipande kilichobadilishwa kabisa. Pembeni imeandikwa gredi: 4.5 ni ya kujivunia, 3.5 ni ya kuvumilia, R maana yake liliwahi kugonga na likaundwa upya. Vijana waliotoroka vipindi vya hesabu utawakuta usiku wa manane wakichambua maandishi ya Kijapani kwa tochi ya simu. Nitajieni Vitz iliyowahi kumpeleka mtu kwenye elimu namna hiyo.

Anayenunua hapahapa husoma fasihi nyingine, yaani tangazo la muuzaji. "Limeendeshwa na mama." "Injini haijafunguliwa." "Nunua uondoke nalo." Mama huyo tumheshimu, maana inaonekana ndiye aliyefunga eksozi pana ya kupitisha ngumi, akapachika kipimo cha turbo kwenye nguzo ya kioo, akabandika jina la bingwa wa rali kwenye dirisha la nyuma, kisha akawa anakwenda nalo kanisani Jumapili tu.

Sasa injini. EJ20 ina lita 2 na silinda 4, ila silinda zake hazikusimama kama za wengine. Zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni zake hutoka na kurudi kwa kuelekeana. Karl Benz alibuni mpangilio huo mwaka 1896, na Subaru wameung'ang'ania tangu mwaka 1966 walipotoa gari lao la Subaru 1000. Wahandisi watakwambia kwamba injini iliyolala huteremsha uzito, na gari hushika kona vizuri. Ni kweli. Wasichokwambia ni kwamba injini hiyo imehakikisha hakuna kazi ndogo. Plagi zimeelekea ubavuni, kwenye mwanya ambao mkono wa fundi huingia kwa kubembelezwa, na kazi yenyewe hufanywa kwa kupapasa. Kwa kuwa kuna vichwa viwili vya silinda, gasketi za kuvuja ni mbili. Mkanda wa taimingi ni mmoja, lakini unazungusha kamshafti nne, na ukikatika, valvu na pistoni hukutana uso kwa uso. Kitabu kinasema ubadilishwe kwenye kilomita 100,000. Kilomita zipi, zile za kwenye dashibodi au zile ambazo gari limekwenda kweli, hilo ni swali la imani.

Hapo ndipo upole unapomwingia mtu. Asubuhi, mwenye Probox huwasha na kuondoka. Mwenye Subaru huwasha, akasubiri, akatoka mtaani kwa mwendo wa harusi, kwa sababu oili ingali baridi na haijafika kila inakotakiwa. Jioni ni vilevile. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitunza ni oili hiyohiyo ya injini, inayopita kwenye mrija mwembamba. Mtu akitoka kuliendesha kwa nguvu halafu akazima ghafla, oili iliyobaki kwenye turbo huungua. Kwa hiyo anafika nyumbani, anaegesha, na kubaki kitini injini ikinguruma, mikono kwenye usukani. Majirani wanadhani anasali. Huenda hawajakosea.

Tena kuna kijiti cha oili. EJ20 ya turbo iliyozeeka hula oili, na ikiishiwa, beringi za konrodi ndizo hutangulia kufa. Baada ya hapo injini inaanza kugonga, na mafundi wanatikisa vichwa na kusema imenoki. Ungetarajia basi kijiti cha kupimia kiwe na kauli ya kuaminika. Hapana. Upande huu kinasema imejaa, ukikigeuza kinasema imepungua. Mwenye gari hukichomoa, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukinyanyua juani, kila anaposimama kutia petroli. Sijui ni jamii gani nyingine ya madereva inayochunguza magari yake kwa bidii hiyo bila kulazimishwa na serikali.

Petroli yenyewe pia ina mafunzo. STI ya soko la Japani ilitengenezwa ikitarajia petroli ya huko ya daraja la juu, yenye oktani zinazokaribia 100. Super ya kituo cha kwetu haifiki huko. Ukikanyaga sana, mafuta hujilipua kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na pistoni hupasuka kingo. Mwenye busara hukanyaga kidogo. Amelipia nguvu zote, anatumia chache, zilizobaki anazihifadhi kama urithi wa watoto. Na nguvu hizo ni ngapi? Tangu mwaka 1989 hadi mwaka 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana ya kutotangaza zaidi ya nguvu za farasi 280, na STI kwa miaka mingi ikatangazwa hivyohivyo, 280. Leo, miongo miwili baadaye, farasi wangapi bado wamo zizini hajui mtu, na mwenye gari ana sababu nzuri za kutowahesabu.

Legacy B4 ya kizazi kilichoisha mwaka 2003 inastahili aya yake. Ina turbo mbili: ndogo huanza, kubwa huingia baadaye. Zinapopokezana, nguvu hupungua ghafla kabla ya kurudi kwa kishindo, na wenye magari hayo wamepaita hapo bonde la mauti. Umejitokeza upande wa kulia kulipita lori la mizigo karibu na Salgaa, lori jingine linakuja, na gari lako linasita ili ulifikirie upya jambo unalolifanya. Serikali imejaribu mabango, kamera na maafisa waliojificha vichakani. Haijawahi kuvumbua chombo cha kuzuia watu kupita ovyo kilicho bora kuliko hicho.

Mngurumo je? Ule mdundo uliowafanya watoto wa Nairobi wajue Subaru inakuja kabla haijaonekana hautokani na nguvu. Unatokana na mabomba ya kutolea moshi kutolingana urefu, mapigo yakafika bila mpangilio. Wahandisi walipolinganisha mabomba kwenye baadhi ya matoleo ya baadaye, gari likapumua vizuri zaidi, na wateja wakanung'unika kwamba limepoteza roho. Vijana wengine huongeza valvu ya kutema hewa nje ili gari lipige chafya kila wanapobadilisha gia. Kompyuta ilikuwa imeshaihesabu hewa hiyo na kuiandalia petroli, hewa ikatoroka, petroli ikazidi, na moto ukatokea kwenye eksozi. Naomba tusiwacheke. Mtu anayelipa ili gari lake liende vibaya kidogo na kwa sauti amekwisha kukomaa. Hataki tena kufika mapema.

Kama kuna wa kulaumiwa kwa mapenzi haya, ni Safari Rally. Mwaka 1993 Subaru walileta humo Vivio, kigari cha cc 660 ambacho ungemnunulia shangazi wa kwenda sokoni. Colin McRae alikikimbiza cha kwake kwa kasi ya kushangaza, na hakumaliza. Patrick Njiru, mwenyeji, aliyezijua njia zetu na mawe yake, alimaliza wa 12 na kuongoza daraja lake. Somo lilikuwa limeandikwa kwenye vumbi, kila mtu alisome. Bahati mbaya McRae alirudi mwaka 1997 na Impreza akashinda, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza, na nchi nzima ikachagua walimu wasiofaa. Ni Subaru mtumba, karakana hadi karakana, inayoturudisha kwa Njiru.

Karakana zenyewe, nani angezijua bila hili gari? Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, ambayo wengi wetu hatujaacha kuiita Grogan, ni chuo kikuu kisicho na likizo. Hapo utanunua taa yako mwenyewe iliyoibwa jana. Hapo utaoneshwa injini mtumba iliyofungwa kwa nailoni, utaambiwa imetoka Japani wiki hii, na utainusa kama mnunuzi wa papa wa ng'onda, ukijaribu kuonekana unajua unachonusa. Kisha ni simu. Fundi wa Subaru hakupigii kukupa jibu, hukupigia kukupa habari. "Mkubwa, tumeteremsha injini. Sasa kwa vile iko chini, si afadhali tubadilishe na klachi?" Afadhali. Na gasketi? Afadhali. Na pampu ya maji, maana iko hapohapo nyuma ya mkanda? Unatuma M-Pesa, anakutumia picha ya chembe za chuma zinazong'aa ndani ya oili, na chini yake ameandika, "Mungu ni mwema." Kati ya ndugu zako wa damu, ni yupi mnayewasiliana naye hivyo?

Nalo gari likiwa karakana, mwenyewe hupanda matatu. Anakutana tena na majirani aliokuwa akiwapita, anasikia bei ya unga, anajua nani amefiwa. Amepata vyote hivyo kutoka kwenye gari lisilokuwepo. Siku likirudi, tairi moja litapasuka, na ataelezwa kwamba, kwa kuwa magurudumu yote manne yanavutwa na injini, tairi jipya haliwezi kuzunguka pamoja na matatu yaliyoisha bila kuichosha difu ya katikati. Anunue manne. Atanunua, na mwezi huo ataendesha kwa upole usio na mfano.

Najua yatakayosemwa: pesa hizo zingenunua kiwanja. Zingenunua, na kiwanja kingekuwa na hati tatu na wenyewe watano. Subaru angalau ina kitabu kimoja cha usajili.

Kwa hiyo ukiamua, nenda asubuhi bila kumwarifu muuzaji saa kamili. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, ameiwasha mapema ili ile sauti ya kugonga ya baridi usiisikie; kunywa chai yake umshukuru uondoke. Ikiwa baridi, mwambie aiwashe wewe ukiwa mbele, usikilize chini, upande wa silinda ya nne. Angalia moshi. Kama yote ni shwari, muulize kwa nini anauza. Atakwambia amepata mtoto. Wote wamepata mtoto. Mpongeze, halafu muulize risiti ya mkanda wa taimingi.