Sauti Iliyofichwa Ndani ya Fenda

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua gurudumu la mbele kulia saa mbili asubuhi. Ngao ya plastiki iliyo ndani ya fenda imeshikwa na klipu kumi na moja. Saba zimetoka salama, nne zimekatika vichwa. Gari ni Impreza WRX ya mwaka 2004, na plastiki ya miaka ishirini haipindi tena.

Nyuma ya ngao nimelikuta nililolifuata: boksi jeusi, tupu ndani, limejibanza gizani kati ya fenda na bodi. Wapenzi wa Subaru huliita snokasi. Hewa ya injini hupita humo kwanza, ndipo iingie kwenye boksi la kichujio, kisha kwenye sensa, kisha kwenye tabo, yaani turbo. Kazi yake kubwa ni kunyamazisha. Injini huvuta hewa kwa mikupuo, kila valvu inapofunguka, na mikupuo hiyo hunguruma ndani ya bomba. Snokasi huumeza mngurumo kabla haujatoka nje. Waliolitengeneza walikuwa na sababu: zipo sheria za kelele, na wapo watu wengi wanaotaka gari la kupigia gumzo bila kupaza sauti. Mimi nataka kuisikia injini.

Nimeitaka sauti hiyo tangu 1997, mwaka Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza. Tulikuwa tukiishi Nairobi, Baba hajastaafu. Alinipeleka kando ya barabara ya vumbi, tukakaa juu ya jiwe toka alfajiri. Helikopta ilipita kwanza. Kisha, kabla hatujaona hata vumbi, tukalisikia gari. Nilikuwa na miaka tisa.

Jumapili, 10 Machi

Boliti ya mwisho, ya namba kumi, ilikuwa na kutu. Ilipolegea, soketi ikaniponyoka ikadumbukia ndani ya fenda. Niliisikia ikigonga mara mbili. Nimeitafuta saa nzima kwa sumaku niliyoifunga kwenye waya. Sumaku imenasa nati moja ambayo si ya gari hili.

Snokasi limetoka saa kumi jioni. Nimerudisha boksi la kichujio, nimewasha. Injini ikawaka, ikayumba sekunde mbili, ikazima. Mara tatu hivyo hivyo, na taa ya injini ikabaki inawaka. Plagi ya sensa ya hewa ilikuwa inaning'inia kando ya boksi, nilisahau kuirudisha.

Ndani ya sensa hiyo mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaoijulisha kompyuta ni uzito gani wa hewa umeingia. Gari likienda kwa utulivu, kompyuta hulenga takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Sensa isipozungumza, inabaki kukisia.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi amesoma hitilafu kwa mashine yake: P0102, yaani sensa ya hewa haitoi taarifa. Ameifuta. Akaniuliza, "Bosi, na hii soketi ya namba kumi umeiacha wapi?" Aliona boksi langu la spana lina nafasi moja tupu.

Jioni nimeingia Thika Road, kuanzia Muthaiga. Gia ya tatu, mizunguko 3,000 kwa dakika, nikakanyaga. Ilikuja sauti ya kifua kipana kinachovuta pumzi. Nilipoachia mafuta, hewa ya tabo ikarudi kwa mluzi mfupi, wazi kabisa. Nimezima redio, nimeshusha kioo, nimekwenda hadi Roysambu na kurudi.

Mfanyakazi mwenzangu alikaa pembeni na saa. Wiki iliyopita tulipima kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kwa gia hiyo hiyo, na leo tumepima tena, mara tatu. Hakuna tofauti ambayo saa imeiona. Mguu wangu unaniambia gari linaitika mapema kidogo, na naamini sikio ndilo linaloushawishi mguu. Sikusikitika, kwa sababu nilichokitaka nimekipata.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenzangu huyo ameniazima kichujio cha koni, kile kinachokaa wazi chini ya boneti bila boksi. Nimekifunga baada ya futari. Sauti imeongezeka mara mbili, na injini inatetema ikiwa gia huru.

Ijumaa, 15 Machi

Foleni ya Mombasa Road, dakika hamsini. Koni inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta na tabo. Kila joto linapopanda nyuzi 10, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 3, na Nairobi hatuna hewa ya kuchezea: katika mwinuko wa mita 1,700 shinikizo ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko usawa wa bahari. Tabo hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini inafanya kazi zaidi ili kufika palepale. Nilipokanyaga kutoka Bellevue, gari liliondoka kwa uzito.

Nimefika nyumbani adhana imekwishapita. Uji umepoa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeiondoa koni. Ilikuwa imepakwa mafuta ya kunasia vumbi, na utando wake nimeukuta kwenye waya wa sensa. Nimeusafisha kwa dawa yake maalumu bila kuugusa, maana hukatika kwa ncha ya kidole. Na hata bila mafuta, koni ilikuwa ikiipitishia sensa hewa yenye misukosuko, ilhali kompyuta imefunzwa mkondo uliotulizwa na boksi la kiwandani. Boksi lile limerudi na kichujio chake bapa, na halitoki tena. Ni kazi nzuri ya watu waliojua wanachofanya. Nililolipinga kwao ni ukimya peke yake.

Binti yangu ameuliza, "Baba, kiboksi kitupu kinanyamazishaje gari?" Nimechukua chupa ya soda, nimepuliza mdomoni mwake, ikatoa mlio. Nikatia maji kidogo, mlio ukapanda. Nikamweleza kwamba kila uwazi una mlio wake, jambo lililochunguzwa na Hermann von Helmholtz wa Ujerumani katika karne ya 19, na kwamba uwazi ule ule ukiunganishwa kando ya bomba unaweza kuumeza mlio huo. Amepuliza chupa hadi magharibi.

Jumanne, 19 Machi

Kasi ya injini ikiwa gia huru inapanda na kushuka yenyewe. Nimehangaika siku mbili. Klipu ya hosi kati ya sensa na tabo haikukazwa, na hewa inaingilia hapo bila kupimwa. Mizunguko miwili ya bisibisi imemaliza kazi.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kubwa usiku kucha. Ngao ya fenda, iliyopungukiwa klipu nne, imelegea na inasuguana na tairi kila ninapokata kona kushoto. Nimeishikiza kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya.

Nilipofungua boksi la kichujio, upande wa chini wa karatasi ulikuwa na unyevu. Hili limenitia hofu ya kweli. Maji hayashindiliki, na yakiingia kwenye silinda pistoni ikipanda, kinachopinda ni chuma. Naona sasa kwamba snokasi liliyapa maji mahali pa kudondoka kabla hayajafika kwenye kichujio. Nimempigia Baba. Akanikumbusha magari ya Safari yalivyofungwa bomba la hewa lililopanda kandokando ya kioo hadi usawa wa paa, kwa ajili ya mito. "Mwanangu, wale walitafuta hewa juu. Wewe umefungua tundu jirani na gurudumu."

Jumamosi, 30 Machi

Wauza vipuri wa Grogan wana klipu mbili tu za saizi hii. Nimezichukua. Kati ya tundu na gurudumu nimeweka kipande cha mpira mgumu, nimekifunga kwa boliti. Nimekimwagia maji kwa bomba dakika kumi: kichujio kikavu, sauti ileile.

Jumanne, 9 Aprili

Nairobi hadi Mombasa, kwa Baba, kilomita 480 hivi. Baada ya Mtito Andei gari limeanza kuwa jingine. Kadiri tunavyoteremka ndivyo hewa inavyozidi kuwa nzito, na tabo inaamka mapema. Hapa saa si lazima. Nimeyapita malori Voi bila kushusha gia. Mke wangu na binti wamelala, na sauti haikuwaamsha.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Baada ya sala Baba ametoka nje na kanzu yake, amesimama kando ya fenda ya kulia. Nimetaka kukanyaga ili asikie. Amenizuia kwa mkono: "Acha ingurume yenyewe."

Amesikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Mle ndani mna chuma kinacheza."

Nimepiga magoti, nimepitisha mkono chini ya ngao, nimepapasa kwenye pindo la fenda. Soketi ya namba kumi. Baba ameipangusa kwa leso, ameitia mfukoni mwa kanzu, ndipo akaniambia, "Sasa kanyaga."