Shelehe za Tata

Hapa kwetu Waithaka, Nairobi, kuna watu wawili wasiopenda kabisa kusikia neno "bure": kondakta wa matatu na fundi wa tovuti. Kondakta atakutazama tu, kisha akupe mgongo. Fundi wa tovuti ana subira zaidi. Atakuketisha, akuagizie soda, halafu akueleze kwa upole kwamba tovuti ya bure haina heshima, kwamba mteja mwenye pesa akiona anwani yenye "blogspot" ndani yake huifunga papo hapo, na kwamba yeye, kwa vile amekupenda, atakutengenezea ya kisasa kwa elfu thelathini na tano. Nusu leo.

Tata aliamini. Tata ni dada ya baba yangu, na sisi Wakikuyu ndivyo tunavyomwita shangazi. Anakodisha mahema, viti vya plastiki, sufuria za kupikia watu mia tatu na spika moja inayokoroma. Wateja wake wanatoka Kawangware, Riruta, Mutuini na Ruthimitu, na wengine huvuka mpaka wa kaunti kutoka Kikuyu. Ruracio (sherehe ya mahari), harusi, matanga, mkutano wa chama, mchango wa kumpeleka mtoto wa jirani ng'ambo: popote watu watakapoketi nje na kula wali, Tata ana mkono wake pale.

Tovuti ya elfu thelathini na tano ilipendeza, hilo lazima tulikubali. Ukiifungua ulipokelewa na bibi harusi wa Kizungu aliyesimama katikati ya shamba la ngano, na nyuma yake hema jeupe lenye taa ndogondogo. Tata aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akauliza hema hilo limetoka stoo gani, maana yeye hana la namna hiyo. Chini ya picha kulikuwa na aya tatu za Kilatini, yale maneno ya kujazia nafasi ambayo mafundi husahau kuyatoa. Tata, aliyesikia misa ya Kilatini utotoni, alidhani ni baraka. Akamsifu sana yule kijana kwa kumtanguliza Mungu katika kazi.

Mwaka ulipokwisha, bibi harusi alitoweka pamoja na shamba lake. Kumbe mahali tovuti inapokaa hulipiwa kodi kila mwaka, na jina lake pia hulipiwa kila mwaka, na bili zote mbili zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya fundi. Fundi naye alikuwa amebadilisha laini. Nilipomuuliza Tata jina la tovuti lilisajiliwa kwa nani, alinishangaa. "Kwa yule kijana," akasema. "Si ndiye mwenye kompyuta?" Haukupita muda mrefu, mtu tusiyemjua akalichukua lile jina na kuanza kuuzia hapo utabiri wa mechi za Ulaya. Wazee wawili wa kanisa walimwendea Tata faraghani kumwonya juu ya kamari.

Hapo ndipo bure ilipoingia nyumbani.

Aliyeileta ni binamu yangu, kitinda mimba wa Tata, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa akisubiri matokeo kwa kulala. Usiku mmoja alijiteua Mkurugenzi wa Teknolojia. Kufikia asubuhi Tata alikuwa na ukurasa mpya: jina la biashara juu, bei za viti katikati, namba ya simu chini, picha zilizopigwa kwa simu nyuma ya stoo. Gharama yake ilikuwa bando la shilingi hamsini. Stima ilipotea katikati ya kazi, kama ilivyo desturi mvua inapotishia tu kunyesha, lakini iliporudi kila alichokiandika kilikuwa palepale, kwa sababu majukwaa haya hujihifadhia rasimu yenyewe kila baada ya muda mfupi. Mimi nimewahi kufanya kazi na watu wasioweza hilo.

Tata hakufurahi hata kidogo. "Cha bure ni jua tu," akasema, "na hilo nalo Julai hatulipati." Alitaka kujua mwenye nyumba anakula nini. Swali zuri, na jibu lake ni matangazo. Blogger, jukwaa alilolitumia binamu na ambalo anwani zake ndizo zile za "blogspot", ilianzishwa Agosti 1999 na kampuni ndogo ya San Francisco iliyoitwa Pyra Labs, na Google ikainunua Februari 2003, miezi michache kabla WordPress, jukwaa jingine la blogu, haijatoka. Google inauza matangazo duniani kote. Kurasa zikiongezeka, nafasi za kutangaza nazo zinaongezeka. Tata alielewa mara moja. Yeye mwenyewe huwapa wenye harusi meza ya keki bure, mradi viti mia mbili vitoke kwake.

Nilimtajia pia Muhidin Issa Michuzi, yule mpiga picha wa gazeti la Daily News la Dar es Salaam, aliyefungua blogu yake kwenye Blogspot mwaka 2005. Hakuajiri fundi yeyote. Alipakia picha za mikutano, harusi, misiba na watu mashuhuri waliokutana naye njiani, akaandika kwa Kiswahili cha kawaida, na Watanzania wengi wa ughaibuni wakawa wanapatia habari za nyumbani humo. Anwani ile ya bure ilifunguliwa na mawaziri na wanafunzi pamoja. Sijasikia hata mmoja aliyeifunga kwa sababu ya neno "blogspot".

Basi, vituko.

Jina ambalo Tata alilitaka lilikuwa limeshachukuliwa. Ndivyo ilivyo kwenye majukwaa ya bure: majina mazuri yameshikwa na watu waliofungua blogu miaka ya nyuma, wakaandika makala moja ya kujitambulisha, wakaahidi kurudi kesho, wasionekane tena. Tukakubaliana na "sherehezatata". Tata akapendezwa mno, akamwita mchoraji wa mabango aiandike anwani hiyo ubavuni mwa pikapu, kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono.

Mchoraji huyo ni jirani yetu, mtu wa pande zetu kabisa, na watu wa pande zetu wana ugomvi wa muda mrefu na herufi mbili za alfabeti. Pikapu ilirudi jioni ikimeremeta, imeandikwa "shelehezatata". Mkurugenzi wa Teknolojia alishika kichwa. Tata aliisoma kwa sauti, mara mbili, akatangaza kwamba haoni kosa lolote.

Sasa fikiria jambo hili lingetukuta enzi za bibi harusi wa Kizungu. Ama tungemlipa mchoraji upya, ama tungenunua jina jingine na kulikodishia nafasi nyingine. Binamu yangu aliketi juu ya kreti la soda, akafungua blogu ya pili yenye jina lile la mchoraji, akaweka bei zilezile na picha zilezile. Akaunti moja ya Blogger inakuruhusu kuwa na blogu hadi 100, kwa hiyo tulibakiwa na akiba ya kutosha kwa makosa ya maisha yote ya mchoraji. Mwisho wa mwezi tukatazama takwimu, maana nazo hutolewa bure. Blogu yenye makosa ilikuwa imetembelewa mara nyingi kuliko ile sahihi. Wateja walikuwa wakiandika kama wanavyosema.

Picha nazo zilituletea yetu. Binamu alikuwa amezirundika zote kwenye simu moja, za harusi na za matanga, na hema ni hema. Kwa siku kadhaa, chini ya kichwa kilichosema "Wateja wetu wenye furaha", kulikuwa na ukoo mzima ukilia kwa uchungu, huku shemeji wa marehemu akishikiliwa na watu wawili asianguke. Familia ile ilipiga simu. Nilitarajia matusi. Walikuwa wanaomba picha hiyo kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo pekee iliyowashika wote pamoja. Kuibadilisha mahali pake kulichukua dakika moja, na hapakuwa na haja ya kumtafuta mtu mjini kumbembeleza aingie "kwa mitambo".

Lakini kilichotuangusha kweli ni saa.

Desemba ni msimu. Waithaka nzima inaoa, inaolewa au inamlipia mtu mahari. Binamu akabuni ofa: atakayepiga simu Jumamosi kabla ya saa sita atapewa viti hamsini vya ziada bila malipo. Aliandika tangazo Ijumaa usiku na kulipangia lijitokeze lenyewe saa kumi na mbili alfajiri, kisha akalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Hakujua kuwa mpangilio wa saa kwenye blogu ulikuwa bado wa California. Desemba, California iko nyuma ya Nairobi kwa saa kumi na moja. Tangazo likajitokeza saa kumi na moja jioni.

Watu walisoma "kabla ya saa sita" wakati jua linaelekea kutua, nao wakahesabu kwa haki kabisa kwamba saa sita iliyobaki ni ya usiku. Simu zilianza wakati wa chai na hazikukoma. Tata alipokea akipika, alipokea akila, alipokea akiwa amepiga magoti katikati ya sala. Saa tano na dakika hamsini na tano mtu mmoja wa Uthiru alipiga akihema, akaeleza kwamba amekimbia nyumba kwa nyumba kutafuta salio. Nilimshauri Tata akatae, kwamba ofa ilikuwa ya mchana. "Mimi nimeandika saa sita," akasema, "na hii ni saa sita." Viti vyote vilitoka, vingine tukaviazima kwa mshindani wake mkubwa, ambaye alicheka mpaka akatupunguzia bei. Msimu ule Tata hakupata faida ya maana kutoka kwa viti. Aliipata kwa mahema, kwa sababu mtu aliyepewa viti hamsini vya bure huona haya kukodi hema kwingine.

Ndiyo maana naona wanaosifia tovuti za bure kwa sababu haziitishi pesa wanashika mkia na kumwacha ng'ombe. Elfu thelathini na tano Tata angezipata tena. Kitu ambacho fundi hakumuuzia ni uhuru wa kuvurunda. Tovuti ya kulipia aliiogopa, hakuigusa, alimpigia fundi hata kubadilisha bei ya kiti kimoja. Hii ya bure anaifungua mwenyewe kwenye simu, na miwani yake puani, anaandika "hema dogo limepasuka, msiliulize wiki hii", anabonyeza kitufe, na limekwisha. Waliosema kupotea njia ndiko kujua njia hawakuwa na mita ya teksi ikihesabu.

Sisemi kwamba ni pepo. Nyumba ya kupanga ni ya kupanga: mwenyewe akiamua kubomoa, utahama. GeoCities ilikuwa na mamilioni ya kurasa za bure, Yahoo ikaifunga Oktoba 2009, na aliyekuwa hana nakala aliagana na kazi zake. Kwa hiyo binamu hupakua nakala ya blogu zote mbili na kuziweka kwenye flashi inayoning'inia kwenye funguo za stoo. WordPress.com ukiwa hulipi itaweka matangazo yake kwenye ukurasa wako. Blogger haiweki mpaka utake mwenyewe. Tulitaka, kwa tamaa. Google hailipi mpaka ufikishe dola 100, na ukifikisha 10 hukutumia barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Tata alifurahi kusikia kuna mtu duniani ambaye bado anaandika barua. Haijafika. Tuko kwenye senti.

Na serikali nayo inaweza kukuletea bili ambayo jukwaa halikukuletea. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kukata leseni: shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine ya kila mwaka. Nyumba ya bure, kibali cha milioni mbili na ushei! Wengi waliweka kalamu chini. Huku kwetu, mwaka 2019 mbunge wa Malava alipeleka mswada wa kutaka wanablogu wasajiliwe, lakini haukuwa sheria. Tata alipousikia aliuliza kama wanahesabu blogu au wanahesabu mtu, kwa maana anazo mbili.

Mwaka huu amenunua jina lake mwenyewe linaloishia kwa .co.ke, ambalo halifiki elfu mbili kwa mwaka, na Blogger inakuruhusu kuliunganisha na blogu yako bila kulipia mahali pa kukaa. Tulimuuliza anataka tahajia ipi. Akachagua ya kwenye pikapu.

Wewe basi mwenye kinyozi, karakana ya vitanda au kibanda cha maziwa, usingoje elfu thelathini na tano. Fungua cha bure wiki hii, ukivuruge, ukirekebishe. Kabla ya kupanga tangazo lolote, badilisha saa iwe ya Nairobi. Siku utakayonunua jina, lisajili kwa barua pepe yako mwenyewe, na nywila uiweke kulekule unakoficha hati ya shamba.