Nimeolewa, Watoto Wawili

"Hongera sana," dada wa chumba cha tatu aliniambia, macho bado yako kwenye karatasi. "Umeolewa lini? Mbona hata pilau hukutuita?"

Nilidhani ananitania. Tulikuwa uani, yeye amekaa kwenye kigoda akisubiri maharage yaive, mimi nimesimama mbele yake kama mtoto aliyepelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akanigeuzia karatasi na kuweka kidole chenye vumbi la mkaa palepale penye msiba: Jinsia: Ke. Hali ya ndoa: Nimeolewa. Watoto: 2.

Mimi ni mwanaume wa miaka 27, sijaoa, na kitu pekee ninachokilea humu duniani ni betri ya simu yangu. Na karatasi ile, hadi jioni hiyo, nilikuwa nimeshaituma sehemu 43.

Kabla hamjanicheka, nisikilizeni. CV ile nilitengenezewa na kijana wa steshenari, pale njiani kuelekea kituo cha mwendokasi cha Manzese. Kwa kijana yule unalipa, unakaa kwenye benchi dakika kumi, unatoka na maisha yako yamepigwa pasi. Ana faili moja tu kwenye kompyuta, alilirithi kwa aliyemtangulia, naye alilitoa Mungu anajua wapi. Kazi ni kufuta jina la mteja wa jana na kuandika la leo. Ndiyo maana mtaa mzima tunapenda mambo yaleyale: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Kusafiri! Mimi safari yangu ndefu mwaka ule ilikuwa Mbezi, na nilirudi siku hiyohiyo.

Siku yangu foleni ilikuwa ndefu, umeme unakatika na kurudi, mama mmoja nyuma yangu anagombana na mashine ya kopi. Mteja aliyenitangulia kwenye lile faili bila shaka alikuwa mke wa mtu, mwenye heshima zake na watoto wake wawili. Kijana akafuta jina lake, akaweka langu, akaridhika. Karatasi ikatoka ya moto, nikaikunja kwa adabu na kuondoka. Sikuisoma. Nani anasoma CV yake mwenyewe? Si unajijua.

Halafu nilikuwa na haraka, maana hali mnaijua. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70, na vijana zaidi ya 10,000 wakaitwa kwenye usaili Uwanja wa Taifa. Wakajaa majukwaani kama siku ya Simba na Yanga, ila siku hiyo kila mtu alikuwa timu peke yake. Tulidhani yale ndiyo maajabu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ikatangaza nafasi 1,596, waombaji wakapita 135,000. Gawanya mwenyewe: kiti kimoja, watu 84. Nami nilikuwemo, nimebanwa katikati ya hao 84 kama abiria wa saa kumi na mbili jioni.

Kwa hesabu za namna hiyo niliona dawa ni kutupa nyavu kila mahali. Barua yangu ya maombi ilikuwa moja, nabadilisha anwani tu, na siku nyingine hiyo nayo nasahau. Kampuni ya saruji niliiambia kwamba tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuhudumia wateja wa benki yao. Waliotaka dereva wa malori mwenye uzoefu wa miaka mitano niliwatumia pia, mimi ambaye hata mkokoteni nimeupanda nikiwa mzigo. Vyeti vyangu vilikuwa vimegongwa muhuri na wakili mara nyingi kiasi kwamba yule wakili akiniona mlangoni anachukua wino kabla sijasalimia. Hela ya mihuri ile ningeiweka kibubu, leo ningekuwa na genge la nyanya.

Majibu? Kimya. Sehemu 43, hata mmoja wa kuniambia "pole".

Ndipo nikamwendea dada wa chumba cha tatu. Nimekaa naye nyumba moja miaka miwili nikijua tu kwamba anatoka alfajiri na kurudi usiku amechoka. Kumbe ni afisa utumishi, na kinachomchosha ni watu kama mimi.

"Mezani nikiwa na CV mia tatu," akaniambia, "hii yako naipa muda wa kupuliza chai. Sio wa kunywa. Wa kupuliza."

Akaomba kalamu. "Mchapakazi." Akakata. "Mwenye kujituma." Akakata. "Mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo gani hilo?"

"La mwenye nyumba," nikasema.

Akacheka, akakata. Karatasi ikabaki na jina langu, mume wangu na watoto wetu wawili.

"Haya. Umemaliza chuo 2021. Kuanzia hapo mpaka leo pako peupe. Ulikuwa wapi, jela?"

"Hapana dada. Nilikuwa tu kwa mjomba, Tandale."

"Ukifanya nini?"

"Basi tu, kumsaidia saidia stoo ya soda."

Akanitaka nimweleze huko kusaidia saidia kukoje. Nikamweleza kwa shingo upande, maana nilikuwa nimekuja kwa mambo ya ofisini, si kuongelea kreti. Kreti moja ina chupa 24, na mwenye duka hapewi soda kama hajarudisha chupa tupu. Wanaozunguka madukani ni vijana wa maguta, na wizi wote unafanyika hapo. Kreti inarudi na chupa zote za pembeni, ila katikati, macho yasikofika, imetolewa moja au mbili. Au imewekwa yenye mdomo uliomeguka, ambayo kiwandani hawaipokei. Mjomba alikuwa anahesabu kreti akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama rais anakagua gwaride. Mimi nikagundua ukipitisha kiganja juu ya midomo ya chupa, mara moja tu, mkono unakwambia kila kitu. Pakikwaruza, chupa imemeguka. Kiganja kikizama, hakuna chupa. Sekunde tatu kwa kreti. Nikanunua daftari kubwa, kila guta nikalipa ukurasa wake, jioni naandika aliyeondoka na ngapi na aliyerudi na ngapi. Nilipofika stoo ile ilikuwa inapoteza kreti kama 30 kwa mwezi. Baada ya miezi minne zikawa nne, na guta mmoja akaamua kurudi kwao Mpwapwa kulima. Mjomba alifurahi sana, akanipa soda. Ya moto, lakini alinipa.

Dada alikuwa ameacha kukoroga maharage.

"Na hayo ndiyo umeyaficha?"

"Dada, mimi nina shahada ya ununuzi na ugavi."

"Ugavi ni nini?"

Sikujibu. Maharage yakafurika, yakazima nusu ya mkaa.

Usiku ule tuliandika upya, kwa simu yake, mimi nikishika taa. Mistari mitano tu kuhusu Tandale, kila mmoja una tarakimu ndani yake. Akanifundisha kusoma tangazo la kazi kama mtu anayesoma barua ya mchumba, neno kwa neno: wakiandika "usimamizi wa ghala", usiwaandikie "stoo", kwa sababu kampuni nyingine CV zinachujwa kwanza na programu, na programu haijui kwamba stoo ni ghala lililovaa kandambili. Faili langu lililoitwa "CV MPYA FINAL YA MWISHO 3" likapewa jina langu. Anwani ya baruapepe niliyofungua nikiwa kidato cha pili, niliyojiita mfalme wa kitu fulani na kufuatisha saba nne, ikastaafishwa. Wimbo wa singeli uliokuwa unampokea kila anayenipigia nikauondoa mwenyewe bila kuambiwa, ingawa kwa uchungu.

"Na usitume 43," akasema. "Tuma tano, ila hao watano wajue umewaandikia wao."

Nikatuma tano. Mmoja kati ya hao watano, msambazaji wa vinywaji, alikuwa tayari ana ile karatasi yangu ya ndoa. Nikajiambia nani atakumbuka.

Siku kumi na mbili baadaye msambazaji huyo akaniita usaili. Mezani walikuwa watatu. Wawili wakaniuliza yale tunayokariri wote: jieleze, udhaifu wako ni upi, baada ya miaka mitano unajiona wapi. Nikawajibu yale tunayojibu wote, wakaandika yale wanayoandika wote. Wa tatu, mzee mwenye kalamu sikioni, alikuwa anaangalia dirishani muda wote. Mwishoni akaniuliza: "Kijana, umeandika hapa upotevu ulishuka kutoka 30 hadi nne. Ulikuwa unahesabuje chupa za katikati?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nikanyoosha kiganja, nikakipitisha taratibu hewani juu ya meza. Mzee akatoa kalamu sikioni.

Nikarudi nyumbani najiona nimeshapata. Nilikuwa nimesahau kwamba chini ya kila CV kuna wadhamini.

Mdhamini wangu namba moja alikuwa mjomba. Sasa hapa nina ugomvi kidogo na Kiswahili. Lugha ina maneno matatu ya mchele peke yake, kabla haujavunwa, ukishakobolewa na ukishaiva, lakini mtu wa kusema wewe ni mwaminifu na mtu ambaye kabati lake litabebwa usiporudisha mkopo, wote wawili ni mdhamini. Na mjomba wakati ule alikuwa ameshaungua na maji ya moto. Jirani yake mmoja alikopa kwenye moja ya zile programu za simu zinazokupa hela kabla hujamaliza kuomba. Akachelewa kulipa, na wakopeshaji wakaanza kuwapigia watu wote waliomo kwenye simu yake, mjomba akiwa wa kwanza kwa herufi. Mambo hayo yalizidi hadi Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Orodha ilitoka, ila woga wa mjomba haukutoka.

Basi simu ikaita Tandale. Sauti ya dada mpole ikauliza: "Habari za mchana, baba. Samahani, wewe ni mdhamini wa fulani?"

Mjomba, kwa maelezo yake mwenyewe, hakusubiri amalize. "Simjui. Sijawahi kumwona. Na kama mmemkamata, mfungeni."

Nilijua kesho yake, pale dada wa kampuni aliponipigia kuniuliza kwa heshima kama nilikosea namba. Nikapanda bajaji hadi Tandale.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekopa shilingi ngapi?"

"Mjomba, ni watu wa kazi wale! Wanataka useme unanifahamu."

"Wangesema. Mtu anakuambia mdhamini, mchana kweupe, sauti laini vile. Wakopeshaji wote wana sauti laini, mwanangu, mpaka siku ya tatu." Akakaa juu ya kreti, akavua kofia, na nikaona amenihurumia. "Lete hiyo namba."

Ningejua, nisingeitoa. Mjomba alipiga siku hiyo mara tatu. Ya kwanza kuomba radhi. Ya pili kueleza kwamba ananijua tangu nakojoa kitandani, jambo ambalo kwa mujibu wake liliendelea hadi darasa la tano, lakini mkononi siye mwizi, na ubaya wangu mmoja ni kula. Ya tatu alitaka kujua kama hiyo kampuni inafanya mikutano, kwa sababu yeye anaweza kuwaletea soda kwa bei ya jumla. Kampuni inayosambaza vinywaji! Dada akamwambia watalifikiria.

Wakanichukua. Miezi mitatu ya majaribio, msaidizi wa ghala. Mshahara sitautaja, mjomba anasoma.

Jumatatu nikafika saa moja kamili, shati limenyooka hadi linaumiza. Dada wa utumishi, yuleyule wa sauti laini, alikuwa ameshaniandalia faili. "Bima nimekujazia kwa yale tuliyokuwa nayo," akasema bila kuinua kichwa, "kumebaki jina la mume tu." Nikaangalia fomu. Wategemezi: 2. Jinsia: Ke. Nyuma yangu nikamsikia mzee wa kalamu anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Nikaanza kujieleza, kuhusu steshenari, kuhusu umeme, kuhusu yule mama wa watu. Dada ndiyo kwanza akainua kichwa, akaniangalia kuanzia ndevu hadi viatu, kisha akageuka polepole kuangalia mfuko wa plastiki uliokuwa pembeni ya meza, umebandikwa jina langu.

"Sare," akasema. "Zimeletwa na fundi Ijumaa."

Nikaufungua. Sketi mbili za bluu, zenye mpasuo nyuma.

Saizi, kusema haki, walipatia.