Diski Isiyo ya Ukoo

Kompyuta za Macintosh za zamani zilikuwa na maringo ya wifi mkubwa. Unachomeka diski ya SCSI uliyonunua kwingine kwa bei nafuu, halafu programu ya Apple ya kuandaa diski, HD SC Setup, inaitazama juu mpaka chini, inakosa jina la ukoo, inadai haioni kitu. Haioni! Diski imechomekwa, umeme unapita, inavuma kama mzinga wa nyuki.

Cha kuchekesha, diski hizo za ukoo Apple hawakuzizaa wao. Walizinunua kwa akina Quantum na Seagate, wakazitia jina lao ndani, basi. Ndugu wa tumbo moja: mmoja kavishwa kanzu akaketishwa ukumbini, mwenzake kaachwa barazani.

Mafundi hawakulia. Walitumia programu za nje kama Silverlining ya La Cie, au waliichokonoa HD SC Setup yenyewe mpaka ikaacha kuuliza ukoo.

Ukadhani yamekwisha? iMac ya 2011 ikaja na adabu mpya. Diski ya kawaida inapokewa, inasoma, inaandika, ila kompyuta haipati habari za joto lake kwa njia iliyoizoea. Basi feni inafunguliwa mpaka mwisho, nyumba nzima inavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Fundi akiweka kihisi cha joto, kimya.

Mgeni kakaribishwa, sawa. Lakini majirani wote lazima wajue kaja.