Mfungwa wa Bi Hondo

Hapo kale, katika nchi ya ndege iliyo ng'ambo ya misitu saba, aliishi Hondohondo, dume mwenye mdomo mkubwa na majivuno makubwa kuliko mdomo. Kila ajuaye desturi za ukoo ule anafahamu kwamba jike anapotaka kutaga hujifungia ndani ya pango la mti, mlango ukakandikwa udongo hata ubaki ufa mwembamba tu, na riziki yake na ya makinda ikapitia kwenye ufa huo, ikiletwa na baba. Ni desturi njema, maadamu baba anarudi.

Huyu hakurudi. Mvua za vuli zilimkuta juu ya mkuyu wa ng'ambo ya mto, akimlisha tini mke mpya, na talaka akamkabidhi Kunguru, naye akaipenyeza kwenye ufa uleule uliokuwa ukingoja chakula. Bi Hondo akaubomoa ukuta kwa mdomo wake, akatoka na makinda wawili, na kwa kuwa manyoya ya mbawa zake yalikuwa hayajaota upya, akashika njia ya barazani kwa miguu.

Wazee wa ukoo walimwahi njiani. "Mwanetu," wakamwambia, "mambo ya chumbani hayapelekwi uwanjani, funika kombe mwanaharamu apite." Akawauliza kwa adabu, kombe likifunikwa, watoto watalia chakula katika chombo gani? Wazee wakakumbuka kwamba jua linazama.

Mwamuzi wa baraza alikuwa Korongo, aliyesifika nchi nzima kwa kusimama juu ya mguu mmoja bila kuyumba. Siku ya kwanza mdaiwa hakutokea, shauri likaahirishwa. Siku ya pili alitokea, lakini jalada halikuonekana, kwani Kasuku, karani wa baraza, alilitaja jina lake asubuhi nzima bila kuinuka kulitafuta. Siku ya tatu mguu wa Korongo ulichoka, na kanuni hazikuruhusu shauri lililoanza kwa mguu mmoja liendelee kwa mwingine.

Hatimaye hukumu ilitoka: baba atoe punje 100 kila mwezi. Kiwango hicho kilikuwa kimewekwa na babu yake mfalme Tai, zama ambazo punje 100 zilishibisha kiota na kubakiza za mgeni; sasa hazikuvuka asubuhi moja. Mara kwa mara alijitokeza ndege wa kupendekeza zipandishwe, lakini waheshimiwa waliopaswa kuamua walikuwa madume wenye makinda huku na huku, nao kwa kauli moja wakaona suala hilo linahitaji uchunguzi wa kina.

Hata hizo 100 hazikuja. Mwewe, dalali wa baraza, alitumwa akakamate mali, akakuta mkuyu ni wa mdogo wake Hondohondo, kiota ni cha shemeji, na ule mdomo mkubwa, mwenyewe akaapa, ameuazima kwa rafiki. Mwewe akarudi mikono mitupu, akadai ujira wa safari. Ulilipwa na Bi Hondo.

Ndipo Korongo akaamuru mdaiwa atiwe kizimbani mpaka alipe, na wanyonge wakashangilia mapema mno. Kifungu cha chini, ambacho Kasuku alikisoma kwa sauti ndogo, kilisema kwamba chakula cha mfungwa wa namna hiyo hutolewa na mdai, tena kwa kutanguliza. Nirudie, maana kila ninapoisimulia hekaya hii hapa hudhaniwa nimeteleza ulimi: ili baba awalishe makinda, sharti kwanza mama amlishe baba. Na kwa kuwa posho ya mfungwa hupimwa kwa hadhi yake, naye Hondohondo alijieleza kuwa ndege wa ukoo bora, alikadiriwa punje 300.

Basi ikawa dume ndiye aliyefungiwa, na jike ndiye apenyezaye tini kwenye ufa. Bi Hondo aliruka kabla ya alfajiri, akachuma hata mahali pasipochumwa, akawagawia makinda zilizobaki, na mara nyingi hazikubaki. Mfungwa akanenepa. Alilalamika kwamba tini hazijaiva vizuri, Korongo akamwonya mdai kwa ukali kuhusu haki za wafungwa. Mwezi ambao Bi Hondo alishindwa kutanguliza posho, kizimba kilifunguliwa kwa mujibu wa sheria, na Hondohondo akatoka akitembea taratibu, kwa unene.

Miaka ikapita. Makinda wakajifunza kuruka kwa kumtazama mama yao, na binti mkubwa akaposwa na jamaa wa heshima kutoka msitu wa kaskazini. Mkeka ulipotandikwa, Hondohondo akatokea amevaa kilemba, akaketi mahali pa mbele bila kukaribishwa, akakohoa, akasema kwamba mahari ya binti hupokelewa na baba, na baba ndiye huyu. Bi Hondo alipokataa, akaenda barazani kushtaki.

Korongo alilisikiliza shauri hilo siku hiyohiyo, akiwa amesimama kwa miguu yote miwili.